Shahidi Si Mdhamini: Maneno ya Kiingereza Yanayotuponza Kwenye Karatasi

Mazungumzo mbele ya wanachama na familia zao, Johannesburg, katika wiki ya maadhimisho ya Uhuru



Kamati iliniomba nizungumze juu ya Kiingereza sahihi. Nikauliza, sahihi kwa ajili ya nini? Nikajibiwa, "Mwalimu, wewe zungumza tu, si ulifundisha miaka mingi?" Basi nimejichagulia. Sitazungumza juu ya lafudhi. Lafudhi yangu mimi ni ya Morogoro na nitazikwa nayo. Nitazungumza juu ya maneno ambayo mtu akilitia moja mahali pa jingine, sentensi inabaki nzuri, hakuna anayecheka, karani anagonga muhuri, na miezi mitatu baadaye pesa zimekwenda, au kazi, au chumba. Jumamosi huwa nakaa na watu wetu kusoma barua na fomu zao. Huko ndiko nilikookota mifano yote mtakayoisikia. Majina ya watu na ya kampuni nimeyaacha huko huko.

Na kwa kuwa tunasherehekea tarehe 9 Desemba 1961, nianze na mtu wa siku hiyo. Mwalimu Nyerere, akiwa na nchi changa mikononi, na njaa, na maradhi, na wapinzani, alikaa chini akamfasiri Shakespeare. Mwaka 1963 ukatoka mchezo wa Juliasi Kaizari, na mwaka 1969 Mabepari wa Venisi. Huo wa pili kwa Kiingereza unaitwa The Merchant of Venice. Sasa, "merchant" kwa Kiswahili cha kila siku ni mfanyabiashara, na yuko mmoja tu. Mwalimu akaandika mabepari, tena wengi. Wasomi wamebishana sana juu ya neno hilo. Mimi nataka mwone jambo dogo tu: rais wa nchi aliona kuchagua kati ya neno na neno ni kazi inayostahili saa zake. Mchezo huo tutaurudia hivi punde, maana ndani yake mna karatasi moja iliyotiwa sahihi.

Kwanza tuone makosa haya yanatoka wapi. Mara nyingi hayatokani na uvivu. Yanatokana na neno letu moja kubeba kazi ambayo wao wameigawa kwa maneno mawili au matatu. Sisi tunasema kuazima. Niazime jembe, nimeazima jembe kwa jirani. Jembe linakwenda na kurudi, neno ni lile lile. Kiingereza kina "lend" kwa anayetoa na "borrow" kwa anayepokea, kwa hiyo mtu wetu anasema "borrow me your phone". Bahati nzuri hapa Johannesburg hatachekwa sana, kwa sababu jirani yake anayesema Kiafrikaans ana shida hiyo hiyo: neno lao "leen" linabeba pande zote mbili. Vivyo hivyo "leer" kwao ni kufundisha na pia kujifunza. Hapo sisi tunawazidi, maana tuna kujifunza na kufundisha, tuna kukumbuka na kukumbusha, tuna kukopa na kukopesha. Mtoto anayesema "remember me to buy bread" hajakosa maarifa ya kwao. Kiswahili chake kimeshatenganisha mambo, ila hajakiuliza. Hilo mlishike, nitalirudia: kabla hujaandika neno la Kiingereza, jisemee kwanza Kiswahili kamili, na viambishi vyake vyote.

Lakini yako maneno ambayo hata Kiswahili kamili hakikuokoi. La kwanza, na kwangu ndilo la hatari kuliko yote, ni mdhamini.

Hebu tulihesabu. Kampuni inayolipia jezi za timu yetu ni mdhamini. Watu wanaotunza mali ya msikiti, kanisa au shule ni bodi ya wadhamini. Anayemtoa ndugu yake mahabusu ni mdhamini. Kijana akiomba kazi Dar es Salaam anaambiwa aandike majina ya wadhamini watatu, yaani watu watakaopigiwa simu kuulizwa kama ana tabia njema. Na anayekubali kulipa deni la mwenzake iwapo mwenzake atashindwa, huyo naye ni mdhamini. Kiingereza kinawaita watu hawa kila mmoja kwa jina lake. Wa jezi ni "sponsor", wa mali ni "trustee", wa kupigiwa simu ni "reference", na wa deni ni "surety".

Mama mmoja aliombwa na kijana wa kwao. "Mama, nanunua vyombo kwa mkopo, wanataka mdhamini. Jina na sahihi tu." Mama kichwani mwake anaona yule mdhamini wa barua ya kazi. Atapigiwa simu, atasema kijana ni mwema, basi. Akatia sahihi. Chini ya mstari palikuwa pameandikwa "surety and co-principal debtor". Kijana alilipa miezi minne, kisha akahama mji, na simu yake haikupatikana tena. Barua zikaanza kuja kwa mama.

Maneno hayo manne tuyafungue, kwa sababu mtakutana nayo. "Surety" ni mdhamini wa deni. "Debtor" ni mdaiwa. "Principal" hapa si mkuu wa shule. Ni mkuu kwa maana ya mwenyewe hasa. Yakiunganishwa yanasema: mimi ni mdhamini, na tena ni mdaiwa mwenyewe pamoja na huyu. Matokeo yake ni kwamba mkopeshaji halazimiki kumsumbua kijana kwanza. Anaweza kukugongea wewe moja kwa moja. Sheria ya Afrika Kusini, Namba 50 ya mwaka 1956 kifungu cha 6, inasema udhamini wa namna hiyo haushiki mpaka uwe umeandikwa na mdhamini ametia sahihi. Ndiyo maana wanaitaka sana sahihi yako. Ahadi ya mdomo haiwatoshi.

Sasa tazameni karatasi ile ile, pembeni kidogo, mara nyingi upande wa kushoto. Pana mistari miwili mifupi na neno "witnesses". Hao ni mashahidi. Shahidi anasema jambo moja tu: nimemwona huyu akitia sahihi. Hadaiwi senti. Ukiombwa "njoo utie sahihi", uliza kwa Kiswahili, "kama shahidi au kama mlipaji?" Usiulize "kama mdhamini?" kwa sababu hilo ndilo neno lenye ukungu. Uliza mlipaji. Kisha soma neno lililochapwa chini ya mstari wako, usisikilize maelezo ya anayekunyoshea kalamu. Sheria ya Mikopo ya nchi hii, Namba 34 ya mwaka 2005, inampa mkopaji haki ya kuandikiwa mambo kwa lugha nyepesi inayoeleweka. Basi na wewe mdhamini usione haya kusema, "sielewi neno hili, nieleze." Ukikataliwa, umeshapata jibu.

Nilisema tutarudi Venisi. Wale mliosoma Mabepari mnakumbuka: Antonio hakuhitaji pesa. Aliyehitaji ni rafiki yake Bassanio. Antonio akatia sahihi kwa Shailoki kwa ajili ya rafiki, duka elfu tatu kwa miezi mitatu, na adhabu ikawa ratili ya nyama ya mwili wake. Merli zake zikasemekana zimezama. Nani aliyefikishwa mahakamani? Si Bassanio. Na kilichomwokoa ni kusoma neno: hati ilisema nyama, haikusema damu. Sisi huku hatuna Porshia wa kutuvalia joho. Tuna dakika tano kabla ya kutia sahihi.

Jambo la pili ni kazi. Hapa Kiswahili kinajua kila kitu, sisi ndio tunaokinyamazisha. Sikilizeni: nimeacha kazi. Nimefukuzwa kazi. Nimepunguzwa kazini. Mkataba wangu umekwisha. Hayo ni mambo manne mbalimbali, na mtoto wa darasa la tatu nyumbani anayatofautisha. Lakini kufukuzwa kunatia aibu, kwa hiyo hata kwa Kiswahili mtu anasema "nimeacha". Anaambia jirani hivyo, anaambia mkewe hivyo. Siku akiulizwa kwa Kiingereza anasema "I left". Na siku akijaza karatasi, anayemsaidia anaandika "resigned". Aibu imegeuka kuwa ushahidi.

"Resigned" maana yake umeondoka mwenyewe kwa hiari yako. "Dismissed" umefukuzwa. "Retrenched" umepunguzwa kwa sababu kazi yenyewe imepungua, si kwa kosa lako. Yanatofautiana kwa shilingi na senti. Ile bima ya kukosa kazi, UIF, ambayo wengi wenu mnakatwa kila mwezi, hailipi aliyejiuzulu. Inalipa aliyefukuzwa, aliyepunguzwa, na aliyemalizika mkataba. Mwajiri hujaza fomu inayoitwa UI-19, na humo mna sehemu ya sababu ya kuondoka. Ombeni kuiona. Aliyepunguzwa anastahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa wiki moja kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi kwa mwajiri huyo. Na aliyefukuzwa kwa njia isiyo ya haki ana siku 30 za kupeleka shauri kwenye tume ya usuluhishi, CCMA. Siku 30 zinahesabiwa kwenye kalenda, Jumapili zimo.

Kijana mmoja wa mgahawani aliambiwa Ijumaa usiku, "Kesho usije." Jumatatu akaitwa kuchukua mshahara wa mwisho, akapewa karatasi, "tia sahihi hapa upate pesa zako." Karatasi ilianza na maneno "I hereby resign". Alijua kusoma. Alisoma. Ila alidhani "resign" ni kutia sahihi tena, "re" na "sign". Msicheke. Akili yake ilifanya kazi vizuri kabisa: "rewrite" ni kuandika tena, "reopen" ni kufungua tena, kwa nini "resign" isiwe kusaini tena? Hata herufi zinafanana. Kuna tofauti ya matamshi, lakini karatasi haitamki.

La tatu ni ndugu. Hapa naomba wazee mnivumilie.

Sheria ya Masharti ya Msingi ya Ajira, Namba 75 ya mwaka 1997, kifungu cha 27, inampa mfanyakazi siku tatu kwa mwaka, zenye malipo, kwa mambo ya familia, ukiwamo msiba. Ni kwa aliyefanya kazi zaidi ya miezi minne, siku nne kwa wiki au zaidi. Lakini sheria imewataja wafu kwa majina: mume, mke au mwenzi wa maisha, mzazi, au mzazi aliyekulea kisheria, babu au bibi, mtoto, awe wa kuzaa au wa kulea kisheria, mjukuu, na ndugu wa kuzaliwa pamoja, "sibling". Imeishia hapo. Mjomba hayumo. Shangazi hayumo. Baba mdogo hayumo, mama mkubwa hayumo, binamu hayumo.

Mnaona tatizo linakokuja. Baba mkubwa akifariki Tanga, mtu wetu anamwambia meneja "my father has died", na wala hajadanganya. Kwao huyo ni baba. Alimlipia ada, alimtolea mahari. Anapewa siku tatu. Mwaka wa pili anafariki baba aliyemzaa. Anarudi kwa meneja na maneno yale yale. Meneja anafungua faili. "Baba yako si alikufa mwaka jana?" Kuanzia hapo kila anachosema kinapimwa kwa mizani. Nimeona mtu karibu afukuzwe kwa udanganyifu, na kosa lake lote ni kwamba alifasiri "baba mkubwa" kwa nusu.

Kwa hiyo kwenye karatasi za kazi, baba mdogo na baba mkubwa waandikeni "uncle", mama mdogo na mama mkubwa "aunt", binamu "cousin". Msiandike "small father", mwalimu wa mtoto atauliza baba mrefu yuko wapi. Wala msichanganye mama mdogo na mama wa kambo. Wa kambo ni "stepmother", huyo ni mke wa baba. Na kama mjomba ndiye aliyekulea, lisemeni hilo wazi kwa sentensi nzima: ni mjomba wangu, amenilea tangu nina miaka mitano. Sheria haimlazimishi meneja kukupa zile siku tatu, lakini unaweza kuomba likizo yako ya mwaka, au siku bila malipo, ukiwa na sura yako safi. Najua linauma. Kumwita "uncle" mtu uliyemwita baba maisha yako yote ni kumpunguza. Mzee mmoja aliniambia hataandika. Nikamwambia basi sawa, ila mweleze meneja kwa maneno, asikute mwenyewe kwenye faili.

Polisi nitapita haraka, ingawa ni Johannesburg na kila mtu hapa ana kisa. Nimeibiwa, nimenyang'anywa, nimevunjiwa: Kiswahili kimeshagawa. Nimeibiwa, kitu kimechukuliwa bila mimi kujua, ni "theft". Nimenyang'anywa, kwa nguvu au kwa kutishwa, ni "robbery", na "I was robbed" ndiyo kauli yake. Nimevunjiwa, wameingia ndani ya nyumba, ni "housebreaking" kwenye karatasi za polisi na "burglary" kwenye karatasi za bima. Ukisema "my phone was stolen" wakati kijana alikuwekea kisu shingoni pale karibu na stendi ya teksi, umelifanya jambo zito kuwa jepesi. Na kampuni za bima zinaangalia neno hilo kabla ya kuangalia kitu kingine. Na yeye ni yeye, mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinadai uchague. Nimewahi kusoma maelezo ya polisi ambamo mwizi alianza "he" mstari wa kwanza, akawa "she" wa tatu, akatoroka kama "he". Wakili angefurahi kweli. Kabla ya kutia sahihi maelezo yako, omba usomewe, na usikilize neno hilo moja tu.

Nyumba. Sisi tunalipa kodi kwa mwenye nyumba na kodi kwa serikali. Kwao ya kwanza ni "rent", ya pili ni "tax". Dada mmoja aliandika kwenye barua ya kuombea shule ya mtoto kwamba analipa "tax" ya randi elfu tatu mia tano kila mwezi kwa bwana fulani wa Yeoville. Hilo lilichekesha tu. Lisilochekesha ni "deposit". Fedha hiyo ni amana. Ni yako. Sheria ya Nyumba za Kupanga, Namba 50 ya mwaka 1999, inamtaka mwenye nyumba aiweke mahali pa kuzaa faida na akurudishie pamoja na faida yake. Kama hudaiwi kitu, ndani ya siku saba baada ya mkataba kwisha. Sheria hiyo hiyo inamtaka akupe risiti inayosema malipo ni ya nini: ni kodi ya mwezi, ni malimbikizo, au ni amana. Sasa fungueni mikoba yenu mkifika nyumbani. Kama risiti ya siku ya kuingia imeandikwa "rent" kwa fedha yote, basi siku ya kuhama utaambiwa huna amana, umelipa kodi ya miezi miwili. Mwambieni aandike neno lenyewe, palepale, kabla hamjapokea funguo.

Na anayepanga na anayepangisha si mmoja. Kiingereza cha mitaani kinasema "rent" kwa wote wawili, hapo Kiswahili chetu ni bora. Mkataba utasema "let" kwa kupangisha, na "sublet" kwa kupangisha ulichopanga. Wengi wetu wa Berea na Hillbrow tunagawana vyumba ili kodi itoshe. Mkataba ukikataza "sublet" bila idhini ya maandishi na wewe umeweka pazia na watu wanne, unajua umesimama wapi.

Kuna kineno kimoja, mpaka. "Leta fomu mpaka tarehe 15." "Nitakuwa kazini mpaka tarehe 15." Kwetu ni sawa. Kwao la kwanza ni "by", la pili ni "until". Binti aliyemwandikia bosi kwamba atarudi "until Monday" alisomwa kama mtu aliyerudi tayari na ataondoka Jumatatu. Wiki nzima watu wakamtafuta ofisini.

Yale maneno yanayowasumbua walimu wa shule sitayachukulia muda. "Lose" na "loose", "advice" na "advise", "stationary" na "stationery", "personal" na "personnel". Yajifunzeni kwa ajili ya mtihani wa Matric na kwa ajili ya barua ya kazi, kwa sababu kompyuta inaweza kushindwa kuyakamata: yote ni maneno halali. Moja tu nitalitaja. Hapa huandikwa "licence" kwa c ikiwa ni jina, leseni ya gari, na "license" kwa s ikiwa ni kitendo, kama wanavyofanya Waingereza. Kompyuta iliyowekwa Kiingereza cha Marekani itakupigia mstari mwekundu ukiwa umeandika sawasawa. Usiitii.

Sasa watoto. Ninyi Kiingereza mnacho, mnawasahihisha wazazi mpaka mezani. Lakini mkumbuke mchanganyiko huu unakwenda njia zote mbili. Kiingereza kina "sorry" moja. Kiswahili kina pole na samahani. Samahani ni pale ulipokosa wewe. Pole ni pale mwenzako anapoumia, hata kama hukuhusika. Mwezi wa sita nilikuwa kwenye msiba wa mmoja wetu, na kijana mzuri sana, mpole, akaja mbele ya mfiwa akasema, "Samahani, mama." Mama alimtazama kwa mshangao, kana kwamba kijana anakiri kitu. Kijana alikuwa amemfasiri "sorry" wa Kiingereza. Msibani ni pole, ama poleni sana.

Na kwa upande wa Waafrika Kusini wenyewe, wana "shame". Nyumbani tulifundishwa "shame" ni aibu. Mama mmoja alipeleka picha ya mtoto wake mchanga kazini, wenzake wote wakasema "Aah, shame!" Akarudi analia. Hapa neno hilo ni pole, na pia ni namna ya kusema kitoto kinapendeza. Kamusi ya Uingereza haitakusaidia. Muulize mtu wa hapa. Nchi hii ina lugha rasmi 12, na Kiingereza chao kimekaa na hizo nyingine mpaka kimeshika tabia zao. Taa za barabarani ni "robot". Na mtu akikwambia atakuja "just now", usiweke maji ya chai jikoni.

Ombi langu kwa familia ni hili. Mtoto asisome barua peke yake na kumwambia mzazi "wanasema utie sahihi". Mtoto anajua Kiingereza lakini hajui deni. Mzazi anajua deni lakini hajui "surety". Someni wawili, mezani, kwa sauti, neno kwa neno, na mzazi aulize kwa Kiswahili kila mahali: nani analipa? nani anaondoka? lini?

Baada ya mazungumzo yaliulizwa maswali matatu au manne. Wahariri wameniomba niandike jibu la moja, lililoulizwa na ndugu yetu kutoka Kongo anayeishi nasi Yeoville: kibali, viza, mkimbizi, maneno haya yanatofautianaje?

Hapa sote tunasema "permit" kwa kila karatasi. Tangu tarehe 26 Mei 2014, karatasi za kukaa kwa muda, za kazi, za masomo, za kumfuata mwenzi, kisheria huitwa "visa". "Permit" imebaki kwa ukaazi wa kudumu. Kwa hiyo ukiwa na ruhusa ya kazi ya miaka michache na ukajaza kwenye fomu kwamba una "residence permit", msomaji anaweza kuelewa una ukaazi wa kudumu, na akikuta huna, swali litakuwa kwa nini ulisema unayo. Soma kilichobandikwa ndani ya pasipoti, nakili maneno yale yale. "Resident" ni mkaazi, "citizen" ni raia. Kukaa miaka ishirini hakukuhamishi kutoka la kwanza kwenda la pili.

Mkimbizi nalo ni kama mdhamini, limebeba watu wawili. Katika Sheria ya Wakimbizi, Namba 130 ya mwaka 1998, anayeomba hifadhi na bado hajajibiwa ni "asylum seeker", na karatasi yake ni ya kifungu cha 22. Aliyekwisha kukubaliwa ni "refugee", na karatasi yake ni ya kifungu cha 24. Ukifungua akaunti benki au ukimwandikisha mtoto shule, andika kile ambacho karatasi yako inasema leo. Namba ya kifungu imechapwa juu yake.

Na kwa wenye viza ya kazi au masomo: ombi la kuiongeza muda lipelekwe si chini ya siku 60 kabla ya viza kwisha. Tarehe iliyoandikwa baada ya neno "expiry" ndiyo siku ya mwisho. Rudi nyuma siku 60 kwenye kalenda ya jikoni, uizungushie kalamu nyekundu.